Kuku Ndani ya Boksi la Spika

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Zimebaki siku tano niwe maarufu. Nazihesabu.

Kapteni ametukusanya leo nyuma ya kibanda chake cha ushonaji. Kapteni ndiye kiongozi wa bendi yetu: asubuhi anashona sare za shule, jioni anapiga ngoma. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na sindano mdomoni, kwa hiyo habari njema ilitoka kwa kusaga meno. Mpiga solo wetu ametuacha. Kaoa mwanamke asiyependa kelele. Na Mama Ukumbi, yule mwenye ukumbi mpya wa kona, anataka bendi yetu ipige kwake kila Jumamosi, mwaka mzima!

Nikashangilia. Kapteni akatoa sindano mdomoni akasema nisubiri, bado hajamaliza.

Jukwaa la Mama Ukumbi ni dogo kama kitanda cha watu wawili. Panaenea ngoma, besi, mwimbaji, na gita moja. Moja tu. Sisi wapiga gita tuliobaki ni wawili: mimi na Mpole. Jumamosi alasiri Mama Ukumbi atatusikiliza wote. Ambaye gita lake litaujaza ukumbi, atabaki kwenye bendi. Mwingine atafute shughuli nyingine, na Kapteni akasema tusimnunie, si yeye aliyejenga jukwaa.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mpole! Mtu anayekiomba radhi kiti kabla ya kukikalia! Vidole vyake vinatembea kwenye nyuzi kama konokono anayekwenda msibani. Mimi napita kama moto kwenye nyasi kavu. Watu walioniona nikipiga wameniuliza kama nina vidole kumi au kumi na viwili.

Tatizo ni moja. Amplifaya.

Yangu ni ya transista, kisanduku kimoja chenye spika ndogo humo humo, nyuma wazi. Nimeipa jina: Kopo. Nikipiga, inatoka sauti ya mbu aliyemeza pini. Ya Mpole aliachiwa na babu yake. Ni ya valvu, vile vichupa vya kioo vya redio za zamani vinavyowaka ndani kama makaa. Amplifaya inakaa juu, na chini yake kuna boksi la spika kubwa kama kabati la nguo. Mpole akigusa uzi mmoja, vioo vya madirisha vinaitika "naam".

Nyumbani nikatangaza ushindi mapema, kuokoa muda. Shangazi, ambaye amenilea tangu nina meno mawili, akasema vizuri baba, Mungu akujalie. Ila nikishindwa, Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa kwa kaka yake, baba mkubwa wangu, kwenye mashine ya kusaga. Kuna magunia yanasubiri mtu mwenye mgongo.

Mimi! Kipaji kama hiki, nirudi nyumbani mweupe kama mzimu!

Binti ya shangazi yuko kidato cha nne na anajiona hakimu. Akauliza kama kule kwenye mashine wanapokea watu wenye vidole kumi na viwili.


Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekwenda kwa fundi redio kuchimba siri ya valvu. Sijidai, lakini sayansi naijua. Nilisoma mpaka mwalimu wa fizikia akaomba uhamisho.

Fundi anakaa katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo. Nikamsalimu, shikamoo fundi, nikamuuliza kwa nini Mpole ananguruma na mimi nalia kama mbu. Akaweka chini chuma chake cha kulehemu, akavuta pumzi. Mtu huyu hajaulizwa swali tangu mwaka juzi.

Alichosema, kwa kifupi. Valvu ni kama kuli mzee. Mpe mzigo mdogo, anabeba kimya. Mwongezee, haangushi. Anaguna, anaubana, anaukumbatia, na kule kuguna ndiko utamu wenyewe wa gita. Transista ni kijana mwenye kiburi. Anabeba, anabeba, halafu pale pale anakata. Ndiyo maana ukiizidishia sauti inachana masikio.

Halafu boksi. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma. Boksi likiwa wazi mgongoni, sauti inatapakaa chumba kizima, nyepesi, ya kupepea. Ukiliziba, ile hewa ya nyuma inabanwa, na hapo boksi linakuwa kama mtu aliyeshikwa koo. Tena na ukubwa wa spika una lake, na unene wa mbao, na karatasi ya spika ikizeeka inalainika...

Alikuwa anaendelea vizuri tu mimi nilipofika barabarani. Nilishapata nilichokuja kutafuta. Kuli mzee, kijana mwenye kiburi, hayo ni maneno ya wazee. Mimi niliangalia kwa macho yangu valvu aliyoiwasha juu ya meza. Ina nini ambacho Kopo halina?

Joto!

Kitu kile kilikuwa cha moto mpaka fundi aliweka chai yake karibu isipoe. Basi kumbe hivyo. Kopo langu linaumwa baridi tu.


Jumatano, tarehe 5 Juni

Siku ya historia.

Asubuhi nimefungua balbu mbili, ya jikoni na ya chumbani kwa shangazi, nimezipaka rangi nyekundu ya kucha ya binti ya shangazi ili zifanane na valvu, nimezifunga ndani ya Kopo, kwa nyuma. Nikaweka majani makavu chini yake ili joto lisitoroke. Nikawasha. Nikasubiri dakika tano kama afanyavyo Mpole. Ndani kukawa kwekundu, kuzuri, kama jiko.

Nikapiga.

Mbu. Mbu wa moto, lakini mbu.

Nikaenda uani kuosha uso nisionekane ninavyojisikia. Binti ya shangazi alikuwa anatafuta rangi yake ya kucha. Nikamwambia huenda ameipoteza shuleni. Akanitazama vidole.

Niliporudi chumbani, mlango ulikuwa wazi na ndani ya Kopo kulikuwa na kuku.

Kuku wa shangazi, yule mnene wa kahawia tunayemwita Mwenyekiti kwa sababu kazi yake ni kukaa. Kaona majani, kaona joto, kaingia kwa mgongo wazi wa boksi, katulia nyuma ya spika kama aliyeandikiwa barua ya ajira. Nikamwambia toka. Akanionyesha jicho moja. Kwa hasira nikapiga gita kumfukuza.

Loo!

Sauti ilikuwa nene! Haikuwa na pini. Haikuwa na mbu. Ilikuwa ya mviringo, laini, kama mtu mzima anayeongea baada ya kula. Nikapiga tena. Vile vile! Mwenyekiti akatikisa manyoya, akajikunja zaidi, na sauti ikawa nene zaidi.

Nimekaa kitandani, gita mapajani, nikijiuliza kwa nini vitu vikubwa duniani vinanitokea mimi tu.


Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mtu wa sayansi haamini mpaka apime. Nimepima.

Kopo bila kuku: mbu. Kopo na kuku: mtu mzima. Kopo na kuku aliyegeuza kichwa kwenye spika: mtu mzima mwenye mafua. Kopo na kifaranga: mbu mwenye mwenzake. Jaribio la kuku wawili halikufanikiwa kwa sababu za kisiasa.

Hitimisho langu, na tarehe iandikwe: kuku ndiye valvu. Ana joto. Anawaka ndani. Ukimzidishia, anaguna. Fundi mwenyewe alisema kuguna ndiko utamu!

Nikakimbia kumweleza. Fundi alicheka mpaka risasi ya kulehemu ikamdondokea kwenye suruali, akaacha kucheka, akaanza upya. Alipopata pumzi akasema kuku si valvu, mwanangu, kuku ni godoro. Yale manyoya yanameza sauti nyembamba zinazotoka nyuma ya spika, zinabaki zile nene. Ndiyo yote. Weka blanketi kuukuu humo ndani, tena zungusha kile kidude cha sauti nyembamba urudishe chini kidogo, utapata hayo hayo bila kusumbua mfugo wa watu.

Nimerudi nyumbani nimejaribu blanketi, kwa heshima yake tu.

Ni kweli sauti ilikuwa ile ile. Sibishi. Lakini blanketi lina nini? Halina mapigo ya moyo. Na kuhusu kurudisha kidude chini, hapo ndipo nilipomjua fundi kuwa mzee. Vidude vyangu vyote, vya kwenye Kopo na vya kwenye gita, viko mwisho kabisa upande wa kulia, tangu siku nilipolipata. Mtu hanunui sufuria nzima akapikia nusu.

Shangazi kauliza kwa nini chumbani kwake kuna giza na kwa nini Mwenyekiti hatagi tena kwenye banda. Nikasema kuku kapata kazi mjini. Akasema hata kuku amekutangulia.


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Leo nimefanya jambo baya. Nasema baya kwa sababu halikufanikiwa.

Nilijiambia: kuku ninaye, sawa, lakini mtu mwenye akili hujenga kwake akibomoa kwa mwenzake. Nikakumbuka maneno ya fundi, ukiziba mgongo wa boksi unakuwa umelishika koo. Boksi la Mpole liko wazi mgongoni. Basi nikalishike koo!

Nikachukua ubao mwembamba, bisibisi, skrubu kumi na sita na vipande vya zulia. Nikaenda.

Mpole anatengeneza baiskeli barazani kwao. Akaniona, akafuta mkono wa grisi, akasema karibu kaka, akanipa kiti chenye miguu yote yeye akakalia ndoo. Moyo uliniuma kidogo. Ukaacha.

Nikamwambia boksi lako kaka, mgongo wazi namna hii, vumbi linaingia, panya wanaingia, babu yako huko aliko halali. Nimekuja kukuzibia. Bure. Mpole akanitazama kwa macho yale yake ya ndama, akasema hajawahi kupata rafiki wa namna hii.

Tukazungusha boksi. Nikapima, nikakata, nikatandaza vipande vya zulia kingoni ili hata pumzi isipite, nikakaza. Mpole alinishikia skrubu, na kwa kila moja alisema ahsante kaka. Ahsante kumi na sita. Mtu mwingine angekiri pale pale kwenye ya tisa. Mimi nina uvumilivu.

Akawasha amplifaya yake. Tukasubiri valvu zipate moto. Mimi nilikuwa nimeshaandaa uso wa pole.

Akagusa uzi mnene.

Besi ilinipiga ngumi ya tumbo. Sisemi kwa mfano. Zamani sauti yake ilikuwa inatapakaa barazani, inakwenda kwa majirani, inarudi. Sasa ilitoka mbele moja kwa moja, imefungwa, ngumu, kama mlango wa benki. Kikombe cha chai kilichokuwa mezani kilitembea mpaka ukingoni kikaniangalia. Kumbe kushikwa koo kwa boksi ni kufunga mkanda! Fundi angeniambia vizuri kama ningekaa.

Mpole machozi yalimlengalenga. Akamwita Kapteni. Kapteni akaja mbio na futi yake shingoni, akasikiliza, akagonga gonga ubao, akakagua zulia langu kingoni, akanipa mkono. Akasema miaka ishirini kwenye muziki hajaona mtu anayemwimarisha mpinzani wake siku moja kabla ya shindano. Nikasema ndivyo nilivyolelewa.

Kikombe nilikinywa mimi. Ilikuwa lazima nishike kitu.


Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya ukumbi, juu ya mkokoteni. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa tisa alasiri tuko ndani. Ukumbi una harufu ya rangi mbichi, viti vya plastiki vimepangwa juu ya vingine, na Mama Ukumbi amekaa katikati peke yake na fungu la funguo mapajani. Kopo nimelifunika shuka kwa nyuma, Mwenyekiti yumo ndani, balbu zinawaka, ameshiba, anasinzia. Kapteni akauliza shuka ya nini. Nikasema vumbi.

Mpole akaanza. Sandali miguuni, soksi za kijivu ndani ya sandali, kichwa chini. Alipiga wimbo mfupi, polepole. Ile besi niliyoifunga mimi kwa mikono yangu ilipita sakafuni ikapanda kwenye viti. Mama Ukumbi alizungusha ufunguo mmoja.

Zamu yangu.

Nikaanza chini chini ili nisimshtue Mwenyekiti. Na wallahi, nani atanibishia, dakika mbili zile nilikuwa mkubwa. Sauti ilitoka nene, ya joto, ya manyoya. Mama Ukumbi alifumba macho. Mwimbaji wetu akamnong'oneza mpiga besi, akamuuliza Kopo limefanywa nini. Niliona Kapteni anaanza kutabasamu. Ningeishia pale, sasa hivi ningekuwa mtu mwingine.

Lakini nimekuja kupiga solo, si kubembeleza watoto! Fundi alisema valvu inataka kusukumwa. Nikazungusha sauti mpaka mwisho.

Nimegundua kwamba kuku haelemewi polepole. Hagunii mzigo, haukumbatii. Kuku anakata pale pale.

Mwenyekiti alitoka na shuka. Mtu asiyejua angesema kitambaa kimepata mbawa. Alipita juu ya ngoma za Kapteni, akapiga tasa, ile sahani ya shaba, kwa mguu, na sijui kwa nini aliipiga kwenye mdundo, akamvua mwimbaji kofia, akashuka kwenye mapaja ya Mama Ukumbi, juu ya funguo. Majani yalikuwa bado yananyesha. Na Kopo, bila mtu ndani, likarudia ya mbu, na kwa sauti ya mwisho. Sikuacha kupiga. Mwanamume haachi katikati. Vidole vilikwenda vyote kumi na viwili. Mpiga besi aliziba masikio kwa mikono yake mwenyewe, na gita lake shingoni likining'inia.

Nikamaliza. Kuku akasema neno moja tu.

Nilidhani Mama Ukumbi atauliza nani kaleta kuku. Hakuuliza. Alimshika Mwenyekiti mgongoni, akampapasa, akasema yeye amesikia sauti tatu za gita leo na wapigaji ni wawili, kwa hiyo anaona anachanganywa. Akasema, "Nataka kujua naajiri mpigaji au naajiri kabati. Badilishaneni."

Kubadilishana! Mimi kwenye valvu, hatimaye! Nilipita mbele ya Mpole nikampiga bega, nikamwambia pole kaka, mambo ya dunia. Nikachomeka gita langu. Nikazungusha vidude vyake vyote mwisho kulia, viamke. Nikapita kwenye nyuzi kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana.

Sasa hili silielewi mpaka sasa. Zile valvu zilikamata kila nilichopiga, zikakibana pamoja. Noti zangu arobaini zilitoka zikiwa uji mmoja. Uji mzito, na juu yake pini ile ile. Mwimbaji aliuliza kuna mtu anakaanga nini. Nikaongeza kasi. Uji ukaongezeka.

Mpole akavuta kiti mbele ya Kopo langu. Bila kuku. Bila blanketi. Aliinama kama anayemsikiliza mgonjwa, akarudisha kidude kimoja nyuma, kidogo, akarudisha kingine kwenye gita lake. Akaweka pembeni kile kiplastiki cha kupigia, akatumia nyama ya kidole gumba.

Akapiga noti nne. Nilizihesabu kwa sababu kulikuwa na nafasi.

Kopo! Kopo langu mwenyewe, nililolilisha umeme miaka mitatu, lilimwimbia mtu mwingine. Si kama kabati la babu yake, hapana, lilikuwa na kasauti kembamba, lakini kalikuwa na adabu. Lilisema kila neno likasubiri. Mama Ukumbi aliacha kuzungusha ufunguo. Mwenyekiti alilala. Mimi nilisimama kando ya valvu na gita langu shingoni na sikujua niweke mikono wapi.

Mama Ukumbi akamwonyesha Mpole kwa kidole. Hakuna hata aliyesema hongera kwa sauti. Kapteni akanifuata, akanishika kiwiko, akasema ule ubao wangu ni kazi nzuri sana, na bendi ikipata boksi jingine la kuziba ataniita. La kuziba!

Mpole naye kanifuata huku nje. Kasema kaka, Kopo lako si baya hata kidogo. Kasema niende kwao kesho, tukae wawili, anionyeshe jambo dogo tu kwenye mkono wa kulia. Nikamwambia kesho nina shughuli. Nikajifuta uso kwa shuka ya Kopo. Vumbi la ukumbi ule ni baya.

Nasubiri Mama Ukumbi atoke nimwombe kuku. Anasema Mwenyekiti bado amelala.


Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeamka na akili mpya.

Tufikirie kama watu waliosoma. Mpole kapiga kwenye valvu: vizuri. Mpole kapiga kwenye Kopo: vizuri. Basi si amplifaya. Boksi lililozibwa: vizuri. Lililo wazi: vizuri. Basi si boksi. Kuku hakuwepo, blanketi halikuwepo. Fundi na valvu zake na karatasi zake za spika, yote maneno ya kuuza muda.

Sasa ni kitu gani Mpole alikuwa nacho mara zote mbili na mimi sikuwa nacho hata mara moja?

Nilijigeuza kitandani, nikafumba macho, nikamtazama upya kuanzia kichwani. Nywele, za kawaida. Shati, la kawaida. Nikashuka, nikashuka, mpaka chini.

Sandali!

Mimi nilivaa viatu vya ngozi, soli nene, vya kutokea. Besi inapita sakafuni, mnakumbuka? Niliiona kwa macho yangu ikipanda kwenye viti. Kwangu ilifika kwenye soli ikagonga mlango ikaondoka. Kwa Mpole ilipita ule mpira mwembamba, ikapanda mguuni, ikafika mkononi. Ndiyo maana hana haraka. Anasubiri ifike!

Nikaenda kwao mara moja, nimekuja kwa lile jambo dogo la mkono wa kulia. Alifurahi mpaka aibu. Alinikalisha, akanishika kiganja, akaanza kueleza habari ya kulegeza kifundo na kusikiliza noti mpaka iishe. Mimi naitikia ehe, ehe, macho yangu yako mlangoni alipovua sandali akabaki na soksi. Alipoingia ndani kuniletea maji nikavaa zake, nikaacha vyangu. Siyo wizi. Viatu vyangu vina thamani mara nne. Nikaaga kwa mbali.

Zinanibana. Kisigino kiko nje kama mtu wa baraza. Lakini ndiyo vizuri, mguu uko karibu na ardhi.

Shangazi kauliza Mwenyekiti atarudi lini. Nikamwambia Mama Ukumbi kamwajiri. Shangazi akasema kesho saa moja, nisichelewe.


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mashine ya kusaga. Saa moja kasorobo nilikuwa pale, mtu asiseme sina nidhamu.

Baba mkubwa hana maneno. Alinitazama uso, akanitazama miguu, akauliza hizo sandali ni za mtoto gani. Nikamwambia ni vifaa vya kazi. Akanionyesha magunia.

Nimebeba kumi na moja. Mgongo unazungumza. Kope zangu ni nyeupe. Lakini ile mashine ikiwashwa, sakafu nzima inanguruma, na mimi na sandali zangu nyembamba nasimama pale katikati, nafumba macho, na naisikia besi inaingia visiginoni! Baba mkubwa alinikuta hivyo mara mbili. Ya tatu alinipa gunia mikononi bila kunifumbua macho.

Saa sita binti ya shangazi akaniletea chakula, na sare yake ya shule, na ule mdomo. Akasema amempita Mpole barabarani, kavaa viatu vya ngozi vizuri sana, kila mtu anavisifu. Akasema jana jioni bendi ilifanya mazoezi, na Kapteni kasema Mpole hajawahi kupiga vizuri kama jana. Akasema Mpole anawauliza watu iwapo mimi ni mzima, maana niliondoka na miguu yake.

Nikampungia aende. Nilikuwa nataka kufikiri.

Magunia matatu nimefikiri. Kwenye sandali kapiga vizuri. Kwenye viatu vyangu, vya soli nene, kapiga vizuri zaidi. Mtu mwenye akili ndogo angekata tamaa hapo. Angesema basi, labda ni mkono, labda nirudi nikasikilize lile jambo dogo. Mimi nilikaa juu ya gunia la nne nikavuka mpaka ng'ambo.

Si sandali. Sandali zilikuwa njia tu.

Ni zile soksi.